Mikono Iliyobaki Gitega

Saa saba mchana, nyuma ya duka la vipuri la Hasham mjini Muyinga, Letisia alikuwa akimlisha mumewe maharage kwa kijiko. Leonardi alikula vizuri. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani, mizima, kucha zimekatwa, lakini yenyewe haikuwamo. Ilikuwa kazini Gitega. Wateja walishazoea, wakajichukulia boliti zao kwenye kabati.

Ilianza Hasham alipotaka mashine kubwa ya kuchonga chuma, ya karakana yake ya Gitega, iendeshwe na kompyuta. Leonardi alikuwa akiizungusha kwa mkono tangu yeye na Letisia warudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, akichonga meno ya mashine za kumenya kahawa. Prosper, fundi umeme, aling'oa magurudumu ya kuzungushia, akafunga mota mahali pake na kuvuta waya hadi kwenye kompyuta. Mashine ikaenda, lakini ikachonga ovyo, kama mlevi anayepasua kuni. Basi Prosper akarudisha magurudumu, akamwomba Leonardi achonge kama kawaida, kompyuta imtazame.

Kompyuta ilipotosheka, Leonardi akaondoka, na mikono ikasusa kumfuata: ilining'inia mwilini, lakini uhai wake ulibaki kwenye mashine. Hasham akamshukuru kwa chupa ya Fanta, ambayo Letisia ilibidi amshikie, kisha akamhamishia Muyinga auze boliti kwa mdomo.

Kuhamishwa Letisia alikumeza. Kilichomkaa kooni ni kingine. Mikono ile ndiyo iliyompokea kwenye lori siku waliporudi kutoka kambini, na ndiyo iliyompapasa mgongo kila jioni. Sasa ilikuwa ikipapasa kwingine kutwa nzima. Umeme ulipokatika Gitega mikono ilirudi, vidole vikakunjuka, na Leonardi akamshika mkewe shavu. Viganja vilinuka mafuta ya mashine. Harufu ile ilimuuma Letisia kuliko kukosa kushikwa.

"Umetoka kwake," alimwambia.

"Mimi nimeshinda hapa na wewe, mke wangu. Huko ilikwenda mikono tu."

Jibu hilo halikumsaidia.

Kisha Hasham akanunua jenereta, na mikono ikawa hairudi ila Jumapili, karakana inapofungwa. Siku nyingine zote Letisia alilala na mtu wa nusu. Wivu una miguu; alijifunga kitenge chake kizuri akaenda Gitega kumwona mke mwenzake.

Mashine ilikuwa imepakwa rangi mpya ya kijani. Letisia aliisalimia kwa adabu, ingawa yeye ndiye aliyeolewa kwanza, na Prosper akaitikia kwa niaba yake. Kisha Letisia akasimama kuitazama. Meza yake ilikisogeza chuma taratibu, ikasita, ikarudi nyuma kidogo, ndipo ikaja tena. Letisia alikujua kule kusita, mgongoni pake. Miaka yote alidhani ni kwa ajili yake peke yake.

Alimkuta Hasham ofisini.

"Patroni, nirudishie mikono ya mume wangu."

Hasham alivua miwani akaifuta. Hakuwa mtu mbaya. "Mama, mume wako nilimpeleka Muyinga mzima. Mimi sina hata kidole chake. Hapa nina mashine, na msimu wa kahawa haungoji mtu."

"Basi mwambie Prosper aifungue."

Prosper alikuwa mlangoni, akijikuna kichwa. "Mama, programu mi naweza kuifuta. Lakini mikono itaenda wapi, hapo mi sijui. Pengine itarudi kwa mzee. Pengine itapotea, hata huku haiko, hata kule haiko."

"Usiifute," alisema Letisia upesi.

Kisha akaomba kazi ya kufagia, na Hasham akampa siku ileile.

Hakurudi tena Muyinga. Huinama chini ya meza kufagia vipande vya chuma, na meza inapopita humgusa bega, ikasita, ikaendelea. Vipande vya moto humwangukia shingoni na yeye hasogei. Mafundi humpisha, maana ni jambo la nyumba ya watu. Hasham amekwisha kuagiza mashine ya pili, na Prosper anasema haitahitaji kufundishwa upya. Mikono ni ileile, itagawanywa.

Leonardi sasa analishwa na Jeska, mjane wa nyumba ya pili.

Juzi umeme ulikatika, na jenereta nalo likaharibika. Mafundi walitoka nje kuota jua, Letisia akabaki ndani na Prosper, akiwa ameweka kiganja juu ya meza iliyokuwa ikipoa.

"Itawaka lini?"

"Mi sijui, mama. Kipande chake iko Bujumbura. Pengine kesho."

Letisia hakuondoa kiganja. Huko Muyinga mikono ilikuwa imerudi, na Jeska alikuwa amekwisha kufika na sahani. Leonardi angemwambia kwamba leo ataweza kujilisha mwenyewe. Angekula, angenawa, na kwa kuwa kwao mtu hashukuriwi kwa mdomo mtupu, angempa Jeska mikono yote miwili.