Bustani ya Toowoomba

Domina Mwalongo alianza kumtunza Bibi Thelma Desemba ya mwaka 1985, wiki ambayo theluji ilifunika barabara za Springfield, nje kidogo ya Washington, na mabasi yakawa yanatambaa. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Njombe. Alikuja Marekani kusomea uuguzi, akaishia njiani baada ya mwaka mmoja, na tangu hapo akawa anaishi kwa kazi ya kutunza wazee majumbani. Jumatatu mpaka Ijumaa alilala kwa mgonjwa wake. Jumamosi alipanda basi, treni, kisha basi tena kurudi Adelphi, kwenye fleti aliyopanga pamoja na Kijakazi, mwanamke wa Unguja aliyefanya kazi katika ghala la nguo kule Landover.

Bibi Thelma alikuwa mjane wa miaka sitini na saba. Nyonga ilikuwa inamsumbua, na macho yake yalikuwa yamekufa katikati: aliona pembezoni mwa vitu, akaona rangi na mwanga, lakini uso wa mtu aliyesimama mbele yake aliuona kama wingu. Domina alishindwa kumwita kwa jina tupu kama Wamarekani wanavyofanya. Alimwita Mama, na ajuza akaridhika.

Siku ya kwanza, wakinywa chai, Bibi Thelma alimuuliza kwao ni wapi, kisha akamuuliza mwezi wa saba kwao kukoje. Domina aliona ni swali la ajabu, ila alijibu kwamba mwezi wa saba Njombe ni baridi, asubuhi unaamka unakuta majani meupe kwa jalidi na watoto wanakwenda shule wamejikunyata. Ajuza aliweka kikombe chini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alisema ameishi nchi hii miaka arobaini, na hajawahi kukutana na mtu ambaye Julai yake ni ya baridi.

Hapo ndipo Domina alipojua kwamba huyu hakuwa Mmarekani wa kuzaliwa. Alitoka Toowoomba, mji wa bara huko Australia, juu ya safu ya milima, ambao wenyewe wanauita Mji wa Bustani. Wakati wa vita, askari wa Kimarekani walipiga kambi huko. Mmoja akampenda, naye akampenda, na mwaka 1946 akapanda meli iliyojaa mabibi harusi kama yeye. Hakurudi tena. Mwanzoni ilikuwa safari ndefu, halafu akazaliwa Dale, mwanawe wa pekee, halafu mume akaugua. Mama yake mzazi alifariki huko bila kumwona tena. Aliyebaki ni mdogo wake, Winnie, ambaye hakuolewa.

Winnie aliandika barua nne kwa mwaka, moja kila msimu, na kwa kuwa Bibi Thelma hakuweza tena kusoma, kazi hiyo ikawa ya Domina. Ya kwanza ilifika Januari. Nje barafu ilikuwa imening'inia kwenye mapaa, na Domina akawa anasoma habari za joto kali, mvua za radi za alasiri, na ukungu unaopanda kutoka bondeni asubuhi mpaka mawaridi yanabaki yanadondosha maji. Aprili, miti ya cheri ya Washington ilipochanua na watu wakafurika kuitazama, barua ilisema kwamba majani ya miti mikubwa nyuma ya nyumba yamegeuka rangi ya shaba na Winnie anayafagia kila siku. Julai, Springfield inachemka na mashine ya kupoza hewa inanguruma dirishani, Winnie aliandika habari za jalidi kwenye nyasi na upepo wa magharibi unaopenya kwenye mifupa. Na Oktoba ikaja barua ndefu kuliko zote, ya majira ya kuchipua na sherehe ya maua, na mwisho wake ilisema kwamba mjakaranda ulio karibu na lango umeanza kutoa maua. Domina alisimama hapo kidogo. Mjakaranda aliujua. Mbele ya kanisa la kwao ilikuwapo mitatu, na Oktoba ardhi yote chini yake ilikuwa zambarau.

Kila barua ikiisha, Bibi Thelma alimjibisha maswali. Mawaridi yapo upande gani? Ule mkafuri aliopanda baba upo bado? Domina alizitafuta sentensi na kuzisoma upya, mpaka ile bustani ikawa kama mahali anapopajua. Jumamosi alimsimulia Kijakazi habari zake jinsi mtu anavyosimulia habari za jirani.

Ila kulikuwa na jambo moja alilolifanya bila kumwambia mtu. Mahali pengine katika barua hizo Winnie alilalamika. Jirani wa juu, aliandika, huacha bomba linatiririka usiku kucha. Moyo unamwenda mbio akipanda ngazi za nje. Mistari kama hiyo Domina aliiruka. Aliona haina faida kumtia huzuni mtu asiyeweza kusaidia. Hakujiuliza inakuwaje nyumba ya kawaida, yenye bustani mbele na nyuma, ikawa na jirani wa juu.

Mwezi wa tano mwaka 1987 daktari wa macho alimwambia Bibi Thelma kwamba kile kidogo anachokiona nacho kitakwenda, pengine kabla mwaka haujaisha. Jioni alimpigia Dale simu akamwambia anataka kwenda Toowoomba Septemba, akayaone maua angali anaona rangi.

Dale alikuwa mtu mzuri lakini mwenye hofu. Alifanya kazi ofisi ya serikali, alikuja kila Alhamisi jioni akakagua dawa za mama yake na taa za ukumbini. Alisema safari ile itamuua. Wakabishana Alhamisi tatu mfululizo, Domina akiwa jikoni anajifanya haelewi. Ya nne Dale aliingia jikoni mwenyewe, akamuuliza kama angekubali kwenda naye. Karatasi za ukaazi za Domina zilikuwa zimekamilika mwaka uliotangulia, kwa hiyo hakukuwa na kizuizi. Kijakazi alipoambiwa aliweka mikono kiunoni.

"Shoga, wenzio wanatafuta njia ya kurudi kwao," alisema, "wewe unazidi kwenda mbali."

Walisafiri karibu siku mbili. Kutoka Brisbane walipanda basi lililokatiza mashamba makavu, kisha likaanza kukwea mlima, na huko juu Domina akaona udongo. Ulikuwa mwekundu, ule ule wa Njombe, umepasuliwa kando ya barabara, una unyevu. Hakuutarajia. Bibi Thelma aliuona wekundu wake kwa pembe ya jicho. Aliushika mkono wa Domina mpaka basi likasimama.

Mji ulikuwa kama ulivyoandikwa. Miti mikubwa ilipanga foleni pande zote za barabara, na hata mbele ya posta na benki kulikuwa na vitalu vya maua. Winnie aliwangoja kituoni, mwembamba, na kofia ya majani. Wale dada wawili walikumbatiana, na dereva wa teksi akazima injini akasubiri.

Teksi haikwenda kwenye nyumba yenye lango. Ilisimama mbele ya jengo la matofali la ghorofa tatu wanakoishi wazee, ngazi za saruji zikipita nje. Kulikuwa na ndoo moja ya maua ya jerani kwenye kibaraza, basi. Winnie alimwongoza dada yake kwa upole, akimwambia kwamba wameongeza ngazi tangu alipoondoka. Bibi Thelma alikuwa amechoka mno kuuliza. Alipolala, Winnie alimfuata Domina jikoni. Alisema nyumba ya wazazi iliuzwa mwaka wa sabini na tano. Leo pale ni duka la matairi. Aliyokuwa akiyaandika yalikuwa ya bustani ya mji, mtaa wa pili, anakokwenda kila asubuhi; barua za dada yake zilimfikia kwa sanduku la posta. Alimwomba Domina kitu kimoja: kesho watakwenda huko, waingie kwa lango dogo, na dada yake aamini kwamba yuko nyumbani. Kwa nini aharibiwe moyo, na siku za kuona zimebaki chache?

Domina aliviosha vikombe vilivyokuwa kwenye sinki, akaenda kulala. Hakupata usingizi.

Asubuhi walikwenda. Maua yalikuwa yamepandwa kwa safu ndefu za njano, nyekundu na buluu, na jua lilikuwa limeyapiga. Walimkalisha Bibi Thelma kwenye benchi. Aligeuza kichwa huku na huku, akizikamata rangi kwa pembezoni, na uso wake ulijaa furaha kiasi kwamba Domina alitamani kila mtu anyamaze. Kisha ajuza akatega sikio. Watoto walikuwa wanapita kwa mbali, wengi.

"Domina," alisema, "nyumba iko upande gani?"

Winnie alimtazama Domina. Kwa karibu miaka miwili Domina ndiye aliyekuwa macho ya mwanamke huyu. Kama angenyoosha mkono na kusema kushoto, ingekuwa kushoto.

"Hakuna nyumba, Mama," alisema. "Hii ni bustani ya mji."

Bibi Thelma aligeuza uso kuelekea sauti yake. Halafu akauliza kama kwenye barua hakukuwa na jambo lolote la kuonyesha hivyo. Domina alimwambia lilikuwapo. Alimtajia jirani wa juu, bomba na ngazi, akamwambia aliyaruka yeye, kwa kudhani anamwonea huruma.

"Kwa hiyo mlikuwa wawili," alisema Bibi Thelma.

Siku mbili hakusema na yeyote kati yao zaidi ya kuomba maji. Domina alimvisha, akamlisha, akampa dawa, na kila mara mkono wake ulipomgusa alihisi mwili ule unajikaza. Alikuwa na hakika kazi imekwisha. Alianza hata kufikiri atamwambia nini Dale.

Siku ya tatu wakati wa kifungua kinywa Bibi Thelma alimgeukia mdogo wake akamuuliza kwa nini hakumwandikia ukweli. Winnie alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. Aliendelea kupaka.

"Mama alilala kitandani miaka saba," alisema. "Nilimgeuza peke yangu. Nyumba iliondoka wakati huo. Na wewe kila barua uliniuliza maua yanaendeleaje. Hukuuliza mimi naendeleaje."

Domina alitaka kutoka, lakini chumba kilikuwa kidogo na mlango ulikuwa upande wa pili wa meza. Bibi Thelma alinyoosha mkono, akapapasa juu ya meza mpaka akaupata wa mdogo wake, uliokuwa bado umeshika kisu. Hakutaka kujitetea. Aliuliza, kwa sauti ndogo, moyo unaenda mbio kiasi gani kwenye zile ngazi.

Kuanzia siku hiyo walikwenda bustanini wote watatu kila asubuhi. Winnie aliwajua watunza bustani kwa majina na akajua kila mmea ulipandwa lini. Domina alisukuma kiti cha magurudumu. Sherehe zilipita, maua ya kwanza yakang'olewa na mengine yakapandwa. Mwisho wa Oktoba mijakaranda ikaanza, na Domina akamweleza Bibi Thelma si rangi tu bali na ile sauti ndogo ya maua yakikanyagwa.

Walipaswa kurudi wiki ya kwanza ya Novemba. Usiku wa kufunga mizigo Bibi Thelma alimwambia Domina afunge sanduku moja tu, la kwake mwenyewe. Alisema ameona majira ya kuchipua tu, na akiwa na pumzi anataka kuyamaliza mengine matatu, hata kama itabidi asimuliwe. Winnie ana moyo mbovu na yeye ana macho mabovu. Pengine wakiunganishwa watatosha kuwa mtu mmoja. Alimshukuru Domina kwa kusema kweli pale kwenye benchi, akaongeza, bila ukali, kwamba mahali pengine atakapoajiriwa asome barua zote mpaka mwisho.

Dale alimpokea Domina uwanja wa ndege akiwa na uso wa mtu aliyeibiwa. Aliendesha gari robo saa, majani ya mwisho ya vuli yakizungukazunguka barabarani.

"Alikuwa ananiulizia?" akauliza hatimaye.

Domina alijua jibu ambalo lingemfariji. "Mara mbili," alisema. "Siku tuliyofika, na usiku ule kabla sijaondoka."

Dale aliitikia kwa kichwa. Walipofika kwenye makutano ya Springfield alimuuliza basi la kupanda mlima huondoka Brisbane saa ngapi, na kama Januari atahitaji koti. Domina akamwambia Januari huko ni kiangazi, achukue kofia.

Dale alikwenda, akakaa wiki tatu. Wakati huo Domina alikuwa amerudi darasani, anasoma uuguzi jioni na kufanya kazi mchana katika nyumba ya wazee karibu na Adelphi. Jumamosi moja ya Februari Dale alipitia pale fletini, amebabuka pua kwa jua, akamletea picha. Yeye alikuwa amesimama nyuma ya benchi, na mbele yake wamekaa vikongwe wawili waliofumba macho kwa mwanga, kila mmoja ameshika kiwiko cha mwenzake. Kijakazi aliichukua picha akauliza yupi ndiye mama yake Dale. Domina ilibidi aisogeze dirishani aitazame vizuri kabla hajamjibu.