Makombo ya Chini ya Meza

Usiku wa kuamkia leo niliota nimealikwa chakula Roma, ile ya kale, na mwenyeji wangu ni mtungi wa mchuzi wa samaki.

Niseme mapema: mama yangu, Bi Zuwena, alifariki miaka mitatu iliyopita, na sijawahi kumwota hata mara moja. Dada yangu Subira humwota kila wiki, na hakosi kunitambia. Nililala na wivu huo.

"Mimi ni matumbo ya samaki na chumvi, miezi miwili juani," mtungi ukajitambulisha. "Huku tunakula tumelala vitandani. Lala kwa ubavu wa kushoto, ule kwa mkono wa kulia."

Nikalala. Wageni wanane walikuwa wamelala tayari, wakinywa divai iliyozimuliwa kwa maji. Ukaletwa uji mzito wa ngano, kabichi, jibini, mkate na zeituni. Nikaomba kachumbari ya nyanya.

"Nyanya?" mtungi ukasema. "Bado haijavuka bahari. Subiri miaka elfu moja na mia tano."

Kipande changu cha mkate kinaanguka sakafuni. Nakiokota, nakipuliza, nasema bismillahi, nakitia mdomoni. Wageni wote wanaacha kutafuna.

"Kinachoanguka ni cha marehemu," mtungi unasema. "Umemnyang'anya mtu."

"Mwacheni," sauti inatoka chini ya meza. "Ni mimi niliyemfunza."

Ilikuwa sauti ya mama. Nilitaka kulia, lakini mdomo ulijaa mkate. Nikataka kuinama nimwone, mtungi ukanizuia: "Atakayeshuka kitandani, karamu imekwisha."

Nikabaki nimelala, na kuta za Roma zikawa za jikoni kwetu Tanga, moshi na yote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii kabichi haina chumvi."

"Mama, nimekukumbuka mno. Mbona kwa Subira unakwenda na kwangu huji?"

"Subira ana watoto, wanamwaga chakula nyumba nzima. Wewe unakula peke yako kwa adabu, ukimaliza unafuta meza. Nije nile nini?"

Nikadondosha jibini. Nikadondosha mkate wote, na uji kwa viganja, huku namsikia akitafuna taratibu kama alivyokuwa akitafuna. Nilitamani sahani isiishe.

Ikabaki zeituni moja. Niliishika muda mrefu.

"Lete, baba," mama akasema. "Wenzako wanataka kuondoka."

Nikaiachia.

Nimeamka kiwiko cha kushoto kina ganzi. Chini ya kitanda, juu ya sakafu niliyoipiga deki jana, kuna kokwa la zeituni, limenyonywa mpaka linang'aa. Sijawahi kununua zeituni maishani mwangu.

Nimekaa mezani na chai na chapati moja. Nimeimega, nikatazama huku na huku kama mwizi, kisha nikakiachia kipande kianguke sakafuni.