Dumu Chini ya Mbao

Sisimizi ndio aliowaona kwanza. Walikuwa wamekufa mstari mzima, pembeni mwa mbao zilizofunika shimo katikati ya gereji, kama majani ya chai yaliyomwagika. Kimya, binti wa nyumba ile, akawafagia. Alipoinama kuzoa taka, harufu ikampanda puani na ufagio ukamponyoka.

Gereji ilikuwa hatua ishirini hivi kutoka kwenye nyumba. Marehemu baba yake alitengenezea humo magari ya watu, na shimo alilichimba ili aweze kusimama chini ya gari. Sasa kaka yake alikuwa anaigeuza chumba cha kazi. Kilikuwa chumba cha Kimya mwenyewe, ashonee humo makava ya makochi, aache kujibanza na cherehani kwenye korido. Kuta zilikwisha pakwa chokaa, dirisha limetobolewa. Jana yake waliburuta injini kuukuu kupita juu ya mbao zile. Moja ikabonyea, na chini kitu kikapasuka.

"Achana nalo," kaka alisema. "Shimo tutalifukia mwezi ujao."

Kimya peke yake alijua kilichopasuka. Mwaka uliopita, baba akiwa hoi kitandani, alimtuma apeleke dumu la petroli kwa fundi mwenzake wa mtaa wa pili, maana petroli si kitu cha kuacha nyumbani. Njiani palikuwa na kijiwe cha vijana waliomtania kila akipita. Hakwenda. Alilishusha dumu shimoni, akarudisha mbao, akaingia chumbani kusema, "Nimempelekea." Baba akamjibu, "Ahsante, mwanangu." Wiki iliyofuata wakamzika.

"Kimya! Hebu sogea, fundi anapita!" kaka akamwita.

Fundi wa kuchomelea aliingia na mashine yake ya kukatia chuma. Kazi yake ilikuwa kuondoa lango kubwa la gereji ili pajengwe ukuta na mlango mdogo. Kimya akabaki amemkodolea macho.

"Dada, usinitazame hivyo. Sijaleta posa mimi."

Kaka akaangua kicheko. "Huyo? Hata ukileta, jibu utalipata baada ya miaka kumi."

Fundi alichora alama ya chaki kwenye fremu ya lango. Kimya aliijua mashine ile. Ikigusa chuma hurusha cheche hadi ukutani.

"Kaka," alisema. "Humu panatoa harufu."

"Ulitaka gereji inukie marashi?"

Wakacheka wote wawili. Angewaambia wakati ule. Lakini kuwaambia kulikuwa ni kusema kwamba alimdanganya baba yake aliyekuwa anakata roho, na ulimi ukawa mzito. Akatoka mbio hadi jikoni, walikochomeka waya mrefu wa umeme, akauchomoa.

"Umeme umekatika!" fundi akapaza sauti.

"Umekatika wapi, na redio ya jirani inaimba?"

Kaka alikuja jikoni, akauchomeka, akarudi. Kimya akauchomoa tena. Safari hii kaka alirudi ghafla, akamkuta na plagi mkononi.

"Kumbe ni wewe! Nahangaika na chumba chako, wewe unaniletea utoto? Lete hapa!"

Akampokonya, akachomeka, akaondoka kwa hasira. Kimya akasikia mashine ikijaribiwa kule nje, ikilia mara moja na kunyamaza. Alikimbia na kandambili moja. Alipofika, fundi alishavaa miwani na kupiga goti kando ya lango, hatua mbili tu kutoka kwenye mbao. Kaka alikuwa ameshika lango lisianguke. Kimya akajitupa, akaikumbatia fremu pale pale penye alama ya chaki.

"Toa mikono, dada! Nitakukata!"

"Una wazimu wewe? Ondoka!" kaka akafoka.

Alifumba macho.

"Petroli," akasema.

"Petroli gani?"

"Shimoni. Dumu zima. Lilipasuka jana. Nililiweka mimi."

Hakuna aliyecheka. Fundi alikitoa kidole kwenye swichi, akailaza mashine chini taratibu, kama anamlaza mtoto.

"Msiiguse," akanong'ona. "Waya kachomoeni kule kule jikoni. Halafu tokeni wote."

Walikaa nje mpaka jua likawa utosini. Kisha kaka, kitambaa puani, akainua mbao moja. Chini, petroli ilikuwa inang'aa. Akarudi nyuma, akaketi chini kwenye mchanga.

"Baba alisema lilipelekwa."

"Nilimdanganya."

"Kwa nini, lakini?"

Fundi akajifanya anakunja waya.

"Niliwaogopa wale wa kijiweni. Na hiki chumba nakiogopa, kaka. Mlango unatazama barabarani. Watu watakuwa wanaingia, wananiuliza bei, wananisubiri nijibu." Akamgeukia. "Na wewe nakuogopa. Ukinifokea, kila kitu kinanitoka kichwani. Leo nusura nikae kimya, tufe, kwa kuwa nakuogopa wewe kuliko moto."