Kadi Iliyobeba Mchana Mzima

Dalila alizoea kukatizwa. Mumewe, Ussene, alikuwa kwenye kambi ya wavuvi kisiwani Rongui, ambako simu yake haikushika mtandao. Habari za nyumbani zilimfikia kwa kadi ndogo ya kuhifadhia picha za simu, iliyofungwa kwenye nailoni na kukabidhiwa nahodha wa mashua ya mota itokayo Palma, alikoishi Dalila. Kadi hiyo ilijaa upesi. Mtoto akianza kucheka, simu inasema imejaa. Inabidi Dalila afute kitu, na akimaliza kufuta, kicheko kimekwisha.

Ndipo akaenda kwa Virgílio, muuza vifaa vya simu sokoni, akaulizia kadi kubwa.

"Hii ni giga mia na ishirini na nane," Virgílio alisema. "Lakini dada, usiamini maandishi tu. Ziko za bei poa zilizoandikwa hivyo hivyo. Ukijaza kidogo, zinakula picha zako. Hii nimeijaza mwenyewe nikaijaribu."

Bei yake ilikaribia mfuko wa mchele. Bi Atija, mamake Ussene, alipoisikia alikaa chini.

"Kwa kitu kidogo kama ukucha?"

"Ussene mwenyewe kasema ninunue, mama."

"Haya, mtakula picha."

Dalila aliegemeza simu kwenye rafu, akaiwasha irekodi, akamwambia mumewe mawili matatu. Jirani akamwita kisimani, naye akaondoka akaisahau. Simu haikulalamika. Iliendelea kutazama chumba: pazia likivuta pumzi na kuitoa, mwanga ukitambaa juu ya mkeka kuelekea miguu ya mtoto aliyelala, mtu akipita njiani akiongea Kimakonde, kisha kimya, kisha kimya kingine kirefu zaidi. Aliporudi aliizima, akaituma kadi bila kuitazama, maana mashua ilikuwa inaondoka.

Kadi iliporejea, Ussene alikuwa ndani yake, amekaa mchangani.

"Mama," alisema. "Mama, nimekuona ukicheza."

Bi Atija alimgeukia mkwewe. "Nani kacheza?"

Zamani, kule Mocímboa walikotoka, Bi Atija alikuwa akiongoza kikundi cha tufo, ngoma ambayo wanawake huicheza wamepiga magoti, mabega ndiyo yanayosema. Tangu vita vilipowatoa kule, kila akialikwa alisingizia magoti yake.

Wakaitafuta ile picha. Ilikuwa mbali sana ndani ya mchana ule. Kadi ya zamani ingekuwa imeshajaa hata kabla mtoto hajageuka ubavu. Pichani, Bi Atija anaingia chumbani. Anamfunika mtoto kwa kapulana, kitambaa chake cha kujifunga, anapiga magoti kando yake, anaanza kuimba kwa Kimwani, chini chini, kama anayeongea na mtu wa chumba cha pili. Mabega yanaitikia. Mikono inafunguka polepole, kana kwamba iko ndani ya maji.

Bi Atija alijishika mdomo.

"Sikujua," alinong'ona. "Nilidhani nilikuwa nawaza tu."

Aliomba irudiwe, ikarudiwa, mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza, "Hiyo inaweza kubeba watu wangapi?"

"Wote, mama. Hata harusi nzima."

Ijumaa, baada ya sala, walikuja wenzake wa kikundi waliokuwa wamefika Palma, nyuso zao nyeupe kwa musiro, ule urembo wa mti uliosagwa. Hakuna aliyewahimiza. Waliimba, wakakosea, wakacheka, wakalia kidogo, wakaanza upya, na simu ikapokea yote. Ila ubeti wa mwisho wa wimbo wao uligoma kuja. Kila mmoja alikuwa na neno lake. Hakuna aliyekuwa na ubeti.

"Mpelekee hivyo hivyo," Bi Atija alisema. "Na pengo nalo liende."

Kisiwani, wanaume walijikusanya chini ya turubai wakaitazama yote. Kadi iliporudi tena, kando ya Ussene alikaa mvuvi mtu mzima, Aly wa Mucojo, kofia mkononi.

"Asalaam alaikum, dada zangu," alisema. "Ubeti huo mama yangu alikuwa akiuimba akitwanga."

Akakohoa, akafumba macho, akaimba. Sauti ilikuwa mbovu, lakini maneno yalikuwa mazima. Wanawake waliinamia simu, vichwa vikigusana, na Bi Atija akaanza kutikisa bega moja, akisubiri pa kuingilia.