Nyumba Iliyovuja Kiangazi

Jumanne moja ya mwezi wa nane, mnamo saa nne asubuhi, Elsie alikuwa amekaa kitandani akichambua mbaazi, tone la maji likaanguka katikati ya ungo. Akainua macho. Tone la pili likampiga kwenye paji la uso. Nje jua lilikuwa limeshika mlima mzima wa Sagalla, mbuzi wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta, na mbinguni hapakuwa na wingu hata la kumwonyesha mgeni. Elsie akatega sufuria chini ya tone, akaendelea na mbaazi zake.

Kufika saa sita ilikuwa mvua kamili, mvua ya chumbani, upana wake ni ule wa kitanda na haikuzidi hapo.

Nyumba yenyewe ilikuwa haijatimiza miezi miwili. Mumewe Donald, aliyefanya kazi ya reli kule Voi, alinunua mabati kumi na nane, na wanawake wa ukoo wakayapandisha mlimani kwa vichwa vyao, wawili kwa bati moja. Fundi alikuwa Obadiah, mzee wa kanisa, mtu wa timazi mkononi na penseli sikioni. Elsie alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa katika nyumba ya nyasi ya mama mkwe, ndani ya moshi wa mafiga, akakohoa wiki tatu, akanyamaza. Hii ya mabati ilijengwa kwa ajili ya huyu wa pili. Alichotaka Elsie ni kitanda kikavu, basi.

Alimfuata Obadiah siku ile ile, akamkuta anapiga mbao randa.

"Fundi, nyumba inavuja."

"Inavuja lini?"

"Sasa hivi."

Obadiah akaangalia juu, akaangalia mbali kule Taveta, akarudisha macho kwenye ubao wake. "Mama, paa haliwezi kuvuja kiangazi. Ngoja mvua inyeshe, ndipo nitaona tundu liko wapi."

"Mvua inanyesha. Iko ndani."

"Basi hiyo si mvua. Mvua hutoka nje."

Elsie alirudi siku ya pili, na ya nne, na ya saba. Hakugombana naye. Alikuwa mtu wa kukaa na kutazama, na hivyo ndivyo alivyofanya: alikaa juu ya gogo akamtazama fundi mikono mpaka randa ikaanza kukwama. Siku ya tisa Obadiah akaona afadhali aende.

Aliingia chumbani na kofia yake, akasimama chini ya mvua, akakinga kiganja, akaonja.

"Maji matamu," akasema. "Paa langu halina neno, mama. Kanisani hatusemi, lakini hii ni hasira ya mtu."

Kwa Wataita hilo halikuwa na ubishi. Mtu wa ukoo akificha kinyongo moyoni, balaa humwangukia asiye na kosa, na dawa yake ni kutasa: unapiga funda la maji ya miwa, unalipuliza chini, unataja lililokukaa rohoni, kisha unamtakia mwenzako mema. Hakuna ngazi wala nyundo inayohitajika.

Jumapili, baada ya ibada, ukoo ukakusanyika uani. Mama mkwe, Tryphena, akatasa kwanza: mlango wa nyumba ulielekezwa kwa jirani bila yeye kuulizwa. Baba mdogo wa Donald akatasa: siku ya kuezeka alinyimwa kidari cha mbuzi. Donald akatasa habari ya chai aliyopewa ikiwa baridi. Watu ambao hawakuhusika waliona nafasi ni nzuri, nao wakatasa mambo ya tangu mwaka wa nzige. Kufika saa kumi ua ulikuwa tope tupu, ukoo haujawahi kupatana namna ile, na chumbani mvua ilikuwa imeongezeka kidogo.

"Hasira iliyobaki ni yako," Peris, jirani, akamwambia Elsie. "Itoe, mwenzangu."

Elsie akapokea kibuyu. Alitasa mara tatu, vizuri kabisa, akimwombea fundi Obadiah afya na mikono mizima. Funda la nne alilimeza.

Ni Peris huyo huyo aliyerudi kesho yake na debe. Kisima kilikuwa chini bondeni, mwendo wa saa moja kushuka na mbili kupanda, na maji yake msimu ule yalichotwa kwa kata, pamoja na vyura.

"Nikinge kidogo tu, ya ugali," akasema.

Kesho yake alikuja na dada zake. Ijumaa foleni ilifika kwenye ua wa kanisa. Mwanzoni walikuwa wakifuta miguu mlangoni.

Mzee wa kijiji, Mwandawiro, alikuja akatazama, akaunda Kamati ya Maji palepale, Obadiah akiwa mjumbe. Kamati ilikata mashauri mawili. La kwanza, kitanda kinazuia madebe, kihamishiwe sebuleni, karibu na mlango. La pili, mtu yeyote asiliguse lile paa.

"Si mali yako peke yako tena, mke wa Donald," alisema Mwandawiro. "Ni mali ya mlima."

"Nyumba ni yangu, mzee."

"Nyumba, ndiyo. Maji, hapana."

"Na mtoto atalala wapi?"

"Mtoto ataogeshwa vizuri sana."

Donald alipopanda kutoka Voi mwisho wa wiki, Elsie alimweleza yote. Alisikiliza akiwa amekunja miguu kitandani, maana foleni ilikuwa ikipita. "Stesheni nzima inaitaja nyumba yetu," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepandishwa cheo.

Obadiah naye akawa mtu. Kanisani aliombewa kwa jina. Akaja Kituku, mwenye duka kule Voi, amepanda mlima mzima kwa hasira, akamkuta fundi kwenye foleni ya Elsie.

"Obadiah, umenidhulumu! Nyumba yangu uliijenga wewe, mwaka wa pili huu, haijanidondoshea hata tone!"

"Kosa si langu, bwana. Kwako nilipiga misumari yote."

"Na hapa?"

"Hapa iliniishia. Upande wa kitanda nilibandika lami kidogo, nikasema nitarudi."

Watu wakatikisa vichwa kwa kumstaajabia, fundi mwenye kipaji kama hicho. Elsie, aliyekuwa amelala hatua mbili kutoka hapo, alisikia kila neno. Kituku akaomba naye apunguziwe misumari, akaambiwa ajiandikishe.

Uchungu ulimshika Elsie siku ya Alhamisi. Foleni ilisimama nje saa moja na nusu, kwa heshima, na Peris akamshika mgongo mpaka mwisho. Akazaliwa mtoto wa kike, mwenye sauti. Wanawake wakapiga vigelegele, wakampa mkono mmoja mmoja, wakachukua madebe yao wakaingia chumbani.

Vinguo vya mtoto havikukauka. Ukuta ulianza kutoa ukungu wa kijani, na uyoga mmoja mdogo ukaota kwenye mguu wa kitanda. Siku ya tano mtoto alikohoa. Mara moja tu, kikohozi kidogo kama cha mtu anayebisha hodi. Elsie akambeba, akaenda kwa Obadiah.

"Fundi, nakuomba. Misumari kumi. Nitaishika mwenyewe."

"Mama, nimekatazwa na kamati."

"Wewe ni mtu wa kamati."

"Ndiyo maana ninajua nimekatazwa."

Elsie akakaa juu ya gogo akamtazama mikono mpaka adhuhuri. Mara hii randa haikukwama.

Lakini Jumatatu iliyofuata, asubuhi, kabla hata hajachemsha uji, aliona Obadiah anapanda njia mwenyewe, bila kuitwa, ngazi begani na nyundo kiunoni. Foleni ikampisha. Elsie akasimama mlangoni, mtoto kifuani. Alikuwa amemwita mtu huyu mara tano.

"Umekuja, fundi."

"Nimekuja, mama. Kamati imenituma nipanue tundu. Watu wamezidi, wanachelewa mashambani."

Akaegemeza ngazi ukutani. Pale chini palikuwa tope la maji ya madebe, ngazi ikateleza, akairudisha, ikateleza tena. Akageuka kumtafuta mtu ambaye mikono yake haina debe.

"Mama, nishikie."

Elsie akamfunga mtoto mgongoni kwa leso, akakaza fundo. Mtoto akakohoa mara mbili. Elsie akaishika ngazi kwa mikono yote miwili, akakanyaga kipandio cha chini isicheze, na Obadiah akapanda. Kazi yenyewe ya kupanua tundu haikuchukua hata nusu saa.