Kijana Aomba Kadi ya Wazee

Kinyozi alimkata fundi viatu sikioni, wateja wengine wakiwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri zamu, kisha akamwambia, "Umetikisika."

Fundi viatu alishika sikio, akatazama damu kwenye kidole. "Nimetikisika mimi?"

"Umetikisika, mzee wangu. Tulia basi. Wembe hauna macho."

Watu wa benchi wakacheka. Kinyozi alilowesha jiwe la shabu la kuzuia damu, akapapasa kwanza kwa kidole apate kujua ni wapi palipokatika, ndipo akalipitisha. Fundi viatu alipofika mlangoni alisimama kidogo, akaunyoosha mkono wake wa kulia mbele yake na kuutazama, kama mtu anayetazama kitu alichokiokota njiani. Kisha akavuka barabara kurudi kibandani kwake.

Kinyozi huyo mtaa mzima ulimwita Kijana. Jina alijipa mwenyewe, akalichora juu ya mlango wa duka kwa rangi nyekundu. Alikuwa akisema kwamba kichwa cha kinyozi ndicho kibao chake cha biashara, na chake kilikuwa cheusi tititi, nywele hadi ndevu. Kila Jumapili alikipaka rangi ile ile aliyowapaka wateja wake. Fundi viatu, aliyeketi mkabala naye, aliziacha mvi zake zitoke zitakavyo. Basi kila asubuhi Kijana, akifungua duka, alipaza sauti wateja wasikie: "Shikamoo, mzee!" Na fundi viatu, bila kuinua uso kutoka kwenye kiatu, alijibu: "Marahaba, kijana." Watu walicheka. Hakuna aliyewahi kuuliza kama ni kweli, na fundi viatu hakuwahi kusema.

Serikali ilipoleta bima ya afya ya wazee, fundi viatu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupata kadi. Kijana alipata mzaha wa kumtosha msimu mzima. "Foleni ya kaburini imepata utaratibu," aliwaambia wateja. "Sasa mnapewa na namba." Muuguzi mstaafu aliyekuwa akikaa nje ya ofisi ya mtaa kuwasaidia wazee kujiandikisha, ambaye watu walimwita Sista, Kijana alimwita Wakala wa Wachovu. Sista aliambiwa, akacheka kidogo, akaendelea na kazi yake.

Ukungu ulianza kama mvuke kwenye kioo cha duka. Kijana alikifuta kioo mara nyingi kabla ya kukubali kwamba mvuke haupo kwenye kioo. Alijifunza kunyoa kwa kupapasa, na mikono yake ilikuwa hodari kiasi kwamba hakuna aliyegundua, mpaka siku ya sikio. Siku iliyofuata alifunga duka, akaenda hospitali ya macho iliyo mbali, ambako hakuna aliyemjua.

Daktari alikuwa msichana mpole. "Ni mtoto wa jicho, mzee. Macho yote mawili. Unafanyiwa upasuaji, unaona tena. Ukiacha, utaingia gizani kabisa. Una bima ya wazee?"

"Mimi si mzee," alijibu.

Daktari alitazama kitambulisho, akatazama ndevu, akanyamaza. Kisha akamweleza, bila kumwangalia usoni, kwamba kwa kadi hatalipa chochote, na bila kadi ni gharama ambayo hata angeuza kiti na vioo vya duka asingeifikia. Kijana aliondoka na ule ukimya wa daktari, akaubeba njia nzima.

Alikwenda kwa Sista mchana, jua likiwa kali na mtaa umejificha ndani. Alipitia mlango wa nyuma, chini ya kamba za nguo, shuka ikampiga usoni kwa sababu hakuiona.

"Karibu, Kijana," Sista alisema. Alikuwa akikunja nguo. "Leo umepotea njia?"

"Nimekuja na shida, dada."

"Kaa."

Alikaa. Alieleza habari ya macho, akiruka hapa na pale. Sista alimsikiliza hadi mwisho, akauliza, "Umezaliwa mwaka gani?"

Kijana aligeuka kuelekea mlangoni. Sista akainuka, akaufunga, akarudi kukaa karibu zaidi. Ndipo Kijana alipomnong'oneza.

"Basi umri umeufikia zamani," Sista alisema, naye kwa sauti ya chini kama yake. Angemsema, angemkumbusha lile jina la Wakala wa Wachovu, ingekuwa nafuu. Aliendelea kukunja nguo. "Karatasi si kazi, tutazijaza. Kazi ni mkutano."

"Mkutano gani?"

"Hujawahi kuhudhuria? Majina yote yanasomwa mbele ya mtaa. Mwanzoni watu wenye nguvu zao walijiongezea miaka wapate kadi, ndiyo maana siku hizi mtaa ndio unaosema. Mtu akipinga, jina linawekwa kando. Halirudi mpaka asimame mwenye kadi anayekujua tangu utotoni, aseme umri wako ni huo."

"Si utasema wewe?"

"Ninayewaandikisha siruhusiwi kuwashuhudia. Na mimi nilihamia hapa nikiwa mtu mzima. Utoto wako siujui."

Kijana alisugua magoti yake. "Hakuna njia ya pembeni?"

"Hiyo ya pembeni ndiyo iliyouleta mkutano, kaka yangu."

Asubuhi ya mkutano alisimama mbele ya kioo cha chumbani. Alitamani kuiondoa ile rangi, lakini alijua kuliko mtu yeyote kwamba rangi ile haioshwi ikatoka, ni mpaka nywele zikue. Angeweza kuzinyoa zote. Alishika wembe, akausogeza shavuni, asione makali yake yako wapi, akaurudisha kwenye ala. Kumwita kinyozi mwingine amnyoe hakuthubutu.

"Mama watoto," alimwita mkewe, "kuna jambo sijakwambia. Kuhusu miaka yangu."

"Vaa lile shati la mikono mirefu," mkewe alisema. "Linakupa heshima."

"Unajua?"

"Nani anayefua foronya humu ndani? Miaka yote naosha weusi wa kichwa chako. Ulidhani nadhani ni moshi?"

"Mbona hukusema?"

Mkewe alimfunga kifungo cha shingoni. "Ulikuwa unafurahi," alisema.

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto. Ofisa wa bima alisimama ubaoni na karatasi zake, mwenyekiti wa mtaa kando yake. Kila jina liliposomwa, mwenyewe alisimama, watu wakasema "Ndiye," akakaa. Kijana alikaa karibu na mlango. Jina lake la kwenye kitambulisho liliposomwa, watu walitazamana. Wengi hawakulijua.

"Yupo?" ofisa aliuliza.

Kijana akasimama. Mtu mmoja nyuma akasema, "Haya, Kijana amezeeka ghafla," na darasa zima likalipuka kwa kicheko.

"Atakuwa amelala vibaya," mwingine akadakia.

"Ofisa, muulize kama amekuja na mzazi wake."

Hata mwenyekiti aliuficha mdomo kwa mkono. Ofisa alingoja wanyamaze. "Huu ni mzaha au ni pingamizi?"

Mwuza mkaa, mteja wake wa kila wiki, akasimama. Hakuwa na ubaya. "Mimi siwezi kuidanganya serikali," alisema. "Huyu mwenyewe alituambia dukani kwamba hajafika hamsini. Na kila siku yeye ndiye humpa fundi viatu shikamoo. Mimi nasema nilichosikia."

Ofisa alizitazama zile ndevu. "Ni kweli ulisema hivyo?"

"Nilisema," Kijana alijibu.

"Basi nalisogeza kando. Nitamaliza majina yaliyobaki. Kama kuna mwenye kadi anayekujua tangu utotoni, mlete kabla sijafunga."

Kijana alijua ni nani. Alijua tangu siku ile kwa Sista, na ndiyo sababu hakulala vizuri. Alipita kando ya ukuta akielekea nyuma, ambako mara nyingi fundi viatu hupenda kukaa. Aliona umbo la mtu mwenye kichwa cheupe, akainama karibu naye.

"Mwenzangu," alinong'ona, "nisitiri."

"Nikusitiri nini tena?" Sauti haikuwa yenyewe. Alikuwa babu mmoja mwenye kofia nyeupe. Waliokuwa karibu wakaangua kicheko.

"Niko huku," fundi viatu alisema kutoka dawati la pili. "Huku, kulia kwako."

Kijana alipapasa ubao wa dawati, akachuchumaa. Fundi viatu aliinama, akamtazama machoni.

"Hunioni?"

"Naona kivuli chako."

"Tangu lini?"

Ofisa alikuwa akiendelea kusoma majina, watu wakisema "Ndiye, ndiye." Fundi viatu alishika sikio lake, pale palipobaki alama.

"Siku ile," alisema, "nilitikisika?"

Kijana alikuwa amejiandaa kwa maswali mengine. Alikuwa amejiandaa kusimangwa kwa zile shikamoo zote. Hili hakulitarajia.

"Niambie. Maana mimi nimeacha kushona viatu vya wanawake, ile kazi inayotaka mkono mtulivu, nampelekea mwenzangu wa sokoni. Nikiamka naunyoosha mkono nautazama. Mke wangu alinipeleka kupimwa mishipa, kwa hii kadi unayoicheka. Wakasema hawaoni kitu. Nikamwambia mke wangu hao hawajui, kinyozi wangu ndiye aliyeona."

"Hukutikisika," Kijana alisema. "Hukutikisika hata kidogo. Ni macho yangu."

"Ulijua?"

"Nilijua pale pale."

Fundi viatu aliushusha mkono kutoka sikioni, akauweka juu ya dawati, akaukunjua na kuukunja. Ulikuwa umetulia. Hakuonekana kufurahi.

"Shikamoo zako sikuzijali," alisema. "Nilisema, mtu anauza, mwache auze. Lakini mkono wangu ndio mdomo wa watoto wangu. Umri wako nitausema, kwa sababu ni kweli. Hilo lingine utalisema wewe, hapo mbele. Wale wa benchi wote wamo humu, na wanajua kwamba mimi ndiye ninayetetemeka. Wengine wameacha kuniletea viatu."

"Nikilisema hilo, nani atanipa kichwa chake tena?"

"Sijui," fundi viatu alisema. "Kweli sijui."

Ofisa alifika mwisho wa majina. Akauliza kama lile lililosogezwa lina shahidi. Kijana akasimama, akaenda mbele, mkono mmoja ukipita juu ya madawati. Safari hii hawakucheka. Walikuwa wameuona ule mkono.

"Kabla shahidi hajasema," alianza, "nilimkata fundi viatu sikio, nikasema ametikisika. Hakutikisika. Mimi ndiye sioni. Nimewanyoa wengi humu sioni. Mikono ya fundi ni mizima. Mpelekeeni viatu vyenu."

Mtu mmoja alipeleka kiganja shingoni, akajipapasa taratibu. Wengine wakamfuata. Kijana hakuwaona, ila alisikia madawati yakilia, na chini ya mlio huo mtu akisema, "Na jana amenichonga ndevu."

Sista, aliyekaa mstari wa mbele, aliinamisha macho kwenye mapaja yake. Mke wa Kijana alikuwa mlangoni. Hakutoka, wala hakusogea mbele.

Fundi viatu akainua kadi yake ofisa aione. "Namjua tangu utotoni," alisema. "Siku yangu ya kwanza shuleni, yeye alikuwa darasa la juu. Nilikuja na viatu vya kaka yangu, vikubwa, sijui kufunga kamba. Yeye ndiye aliyepiga magoti akanifundisha. Kwa hiyo ni mkubwa wangu. Kama mimi ni mzee, yeye amenitangulia."

"Una hakika?" ofisa aliuliza. "Wanasema huwa anakuamkia."

Fundi viatu aliweka kadi mfukoni. Akamgeukia kinyozi, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anavyofanya kwa mkubwa wake, bila mzaha usoni.

"Shikamoo, kaka," alisema.

Kijana alisimama ubaoni, mikono ikining'inia. Lile neno moja la kumjibu alikuwa amelikwepa miaka mingi kuliko alivyokwepa kitu kingine chochote. Hakustahili kuamkiwa na mtu huyu, si leo. Aliinua uso kuelekea kile kivuli chenye kichwa cheupe, akalitamka kwa kunong'ona.

"Sijasikia," ofisa alisema, kalamu mkononi.

"Marahaba," Kijana alisema, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, na machozi yakateremka hadi kwenye ndevu zake.

Ofisa aliandika. "Mwingine mwenye pingamizi?"

Hakuna aliyesema kitu.