Pampu Haipo

Fundi bomba aliamini mambo mawili tu duniani: maji hayapandi bila pampu, na kazi haijaisha mpaka mteja atie sahihi. Kwa imani hizo alikuwa amezibua masinki na vyoo vya nusu ya mji kwa miaka arobaini, na hakuwahi kurudi nyumbani na hati ya kazi isiyokamilika. Alikuwa mtu wa kuheshimika, kichwa kigumu lakini moyo mzuri. Mguu wa mkewe ndio uliomvuruga.

Ulikuwa mguu wa kushoto. Mkewe alifanyiwa upasuaji akatolewa tezi za kwenye nyonga, na ugonjwa uliompeleka huko ukaisha, alhamdulillahi. Ila yale maji ya mwilini yaliyokuwa yakipita hapo yakakosa njia, mguu ukavimba, na ukishavimba ule ukawa hausikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Mwenyewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, na cherehani yake ni ya kukanyaga. Miezi mitano mguu haujagusa pedali.

Dada yake Fundi, yaani wifi wa mgonjwa, alikuwa ameshakuja na futi kupima mlango, aone kama cherehani itapita.

"Wifi yangu, sikuvunji moyo," alisema huku akiandika vipimo kiganjani. "Lakini shule zikifunguliwa hujaikanyaga, kwa nini ioze hapa? Kwangu itapata kazi."

"Sawa," mgonjwa akajibu.

Fundi alilisikia lile neno kutoka jikoni na likamchoma. Tangu amuoe, mwanamke yule hakuwahi kusema sawa mara ya kwanza, hata kwa jambo alilolipenda. Alijua basi kwamba ikitoka cherehani, kitatoka na kingine humo ndani ambacho hakitarudi.

Kila Jumanne alikuja binti wa kliniki, mkandaji. Naye alikuwa na futi yake; aliupima mguu sehemu sita, akaandika, kisha akaanza kukanda shingo. Siku ya kwanza Fundi alivumilia. Ya pili uvumilivu ukamwisha.

"Binti, mguu uko huku chini."

"Najua, baba. Nafungua njia ya juu kwanza, ndipo maji ya chini yapate pa kwenda."

Hilo Fundi alilikubali, maana hata yeye huanza kuzibua kule maji yanakoelekea. Kilichomshinda ni ule mkono wenyewe. Yeye alijua kukandwa ni kukandwa, mtu alie kidogo ajue ameshughulikiwa. Huyu binti alikuwa akisogeza ngozi tu, polepole, utadhani anamwogopa mgonjwa.

"Na hayo maji yanapandaje mpaka shingoni?"

"Yenyewe tu, baba, taratibu."

Yenyewe! Fundi hakula siku ile. Miaka arobaini anauza jasho lake kwa sababu maji hayaendi yenyewe, leo mtoto wa juzi anamwambia hivyo sebuleni kwake.

Akaamua kusaidia. Pasipo na pampu, weka mteremko. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Akainua kitanda upande wa miguuni kwa matofali mawili, kila tendegu tofali moja. Kesho yake mawili mengine. Binti alimwambia mto mmoja chini ya mguu unatosha, naye akamwitikia vizuri, akaongeza tofali. Kufikia siku ya saba mkewe alikuwa amelala kichwa chini miguu juu, na Fundi alikuwa amemfunga shuka kiunoni asiteleze.

Wageni wakawa wanakuja kumjulia hali wakiwa wamekaa sakafuni, shingo upande. Mwalimu mkuu alikuja kuulizia sare akaondoka na kizunguzungu.

"Unaendeleaje, mama?" walimuuliza.

"Namshukuru Mungu. Nimeshajua nani anasafisha viatu na nani hasafishi."

Futi ya binti ikasema mguu haujapungua hata uzi. Hapo ndipo Fundi alipofanya kile ambacho hakuna mume mwingine angefanya: alikwenda kliniki kulalamika kwamba mfumo una kasoro.

"Kasoro gani?" karani aliuliza bila kuinua uso.

"Maji yametuama, na pampu haipo."

Karani akaandika hivyo hivyo: maji yametuama, pampu haipo. Akauliza nyumba, akaandika na nyumba, akagonga muhuri. Karatasi ikaenda inakokwenda karatasi. Baada ya siku nne ikarudi ikiwa hati ya kazi, na ikaletwa kwa fundi wa kliniki. Fundi wa kliniki, kwa mwaka wa kumi na moja sasa, alikuwa yeye.

Akaisoma mara mbili. Nyumba ni yake, mlango ni wake, mteja ni mkewe. Lakini hati ni hati. Akavaa ovaroli, akabeba sanduku la vifaa, akatoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba, akabisha hodi mbele.

Wifi ndiye aliyefungua. Alikuwa amekuja na wapagazi wawili na mkokoteni, kwa kuwa shule zilikuwa zinafunguliwa kesho yake.

"Kaka, una wazimu?"

"Nina hati," Fundi akamwonyesha.

"Mpishe apite, wifi," sauti ya mgonjwa ilitoka kichwani mwa kitanda, chini kabisa. "Mafundi wa siku hizi ukiwaita hawaji, huyu amekuja."

Binti mkandaji alikuwepo, ilikuwa Jumanne. Akaipokea hati, akaisoma yote, akautazama muhuri.

"Haya, baba, kama umetumwa umetumwa. Weka spana chini, ondoa matofali, kanawe mikono."

Ilimchukua nusu saa kujifunza kugusa. Mikono ile ilikuwa imefungua nati zenye kutu, na kila alipoiweka, binti alisema, "Unaminya." Akalegeza. "Bado unaminya." Akalegeza tena mpaka akahisi hafanyi kitu, na binti akasema, "Hapo." Shingoni, kwapani, tumboni, juu ya nyonga, ndipo pajani, ngozi ikisogea na kurudi. Fundi alipoinua macho akamkuta mkewe analia.

"Nimekuumiza?"

"Hapana. Miaka thelathini na minne, kumbe unaweza."

Fundi akainama akaendelea na kazi, maana aliona aibu mbele ya dada yake.

Binti akaufunga mguu bendeji za kubana, tabaka juu ya tabaka. "Pampu unayoitafuta iko hapa, baba," akasema, akigusa shavu la mguu. "Msuli ukikaza na kulegea ndani ya bendeji, maji yanasukumwa. Anachohitaji mama ni kitu cha kukanyagakanyaga, polepole, kila siku."

Watu wote mle ndani wakageuka kuitazama cherehani.

Fundi akaongeza upana wa pedali kwa kipande cha ubao. Mkewe akakaa, akaweka mguu na bendeji zake. Gurudumu likakataa, likazunguka nusu, likarudi, kisha likakubali. Wapagazi wakauliza mzigo uko wapi. Wifi akakunja futi yake.

Ikabaki sahihi. Hati ilikuwa na visanduku viwili, kazi imekamilika na kazi haijakamilika. Mke akachukua kalamu, akatia alama kwenye cha pili, akasaini.

"Ugonjwa huu hauishi, fundi," akasema. "Ni wa kushughulikiwa kila siku mpaka siku zangu ziishe. Kesho urudi."

Fundi aliitazama karatasi ile, ya kwanza ya namna hiyo katika miaka arobaini. Akaikunja vizuri, akaiweka mfuko wa kifuani.

"Saa ngapi?" akauliza.